Uchumi wa asilimia 5.5 na kikombe cha mafuta cha shilingi mia tano

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake, iliyochapwa hivi karibuni katika ukurasa huu, ilidai kwamba wanaolalamikia ugumu wa maisha katika nchi ambayo uchumi wake ulikua kwa asilimia 5.5 mwaka 2024, na ambayo mfumuko wake wa bei mwaka huo ulikuwa wastani wa asilimia 3.1, ni watu wasiopenda hesabu. Mimi napenda hesabu. Nina duka la rejareja hapa Pasua, Moshi, huu ukiwa mwaka wa kumi na tisa, na kila usiku kabla ya kufunga mlango hupiga hesabu ambazo zikikosewa hulipiwa na mfuko wangu mwenyewe. Takwimu alizozitaja sizitilii shaka. Ninachobishania ni swali ambalo yeye anadhani takwimu hizo zinalijibu.

Juu ya kaunta yangu kuna kikombe cha plastiki cha rangi ya njano, kilichokatwa mdomo kwa kisu cha moto, nacho ndicho ninachopimia mafuta ya kula ya shilingi mia tano. Kinabeba mililita 80. Nilikipima kwa bomba la kunyweshea watoto dawa, siku mteja mmoja aliponituhumu mbele ya watu kwamba nimekipunguza. Lita nzima ya mafuta hayo hayo naiuza shilingi 5,000. Ukigawanya utaona kwamba anayenunua kwa kikombe anayalipia mafuta shilingi 6,250 kwa lita, yaani robo zaidi ya yule anayebeba lita nzima kwa mara moja. Sijivunii hesabu hiyo, ingawa nina sababu zangu: mafuta humwagika, mengine hubaki yameganda kwenye kuta za dumu, na kuwahudumia watu kumi na wawili hula muda kuliko kumhudumia mmoja. Lakini sababu zangu hazimsaidii chochote mama anayekuja saa kumi na mbili jioni, mara tu mumewe anaporudi na ujira wa siku. Hanunui kikombe kwa sababu hajui kugawanya. Ananunua kikombe kwa sababu mkononi ana elfu tatu, na katika elfu tatu hiyo unga unamsubiri, mkaa unamsubiri, nyanya zinamsubiri, na nauli ya mtoto ya kesho asubuhi nayo imo.

Mfumuko wa bei haumwoni mama huyu, wala haukuundwa kumwona. Kinachopimwa pale ni mwendo wa bei kutoka mwaka uliopita hadi mwaka huu. Ikiwa lita imepanda kwa asilimia tatu na kikombe nacho kimepanda kwa asilimia tatu, kipimo kitasoma tatu kwa wote wawili, na ile robo ya ziada ambayo mama wa kikombe anailipa kila siku ya Mungu haitatokea mahali popote, kwa kuwa ilikuwepo mwaka jana na mwaka juzi pia. Hapo ndipo wateja wangu wengi wanapochanganyikiwa. Redio ikitangaza kwamba mfumuko wa bei umeshuka, wao husikia kwamba bei zimeshuka, wakaja dukani kuniuliza mbona mimi sijashusha, au nakula na nani. Huwa nawaambia kwamba basi la Arusha likipunguza mwendo pale Kwasadala halijaanza kurudi Moshi. Mwaka 2022 mfumuko ulikuwa wastani wa asilimia 4.3, mwaka 2023 ukawa 3.8, na mwaka 2024 ukawa 3.1, kila mwaka ulishuka, na kila mwaka bei zilipanda. Zidisha hizo tatu pamoja, utakuta kilichouzwa shilingi 1,000 mwaka 2021 kimefika kama shilingi 1,116. Ongezeko hilo si la kutisha kwa mtu ambaye mshahara wake nao umeongezwa katika miaka hiyo. Ni habari nyingine kwa anayelipwa kwa siku, na kwa zile siku tu anazopata kazi.

Jambo la pili ambalo mwenzangu hakuligusa ni namna kikapu chenyewe, yaani orodha ya bidhaa ambazo bei zake hufuatiliwa, kinavyofungwa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu haiwezi kuzitazama bei zote kwa jicho moja, maana kupanda kwa unga si sawa na kupanda kwa tai za shingoni. Kwa hiyo kila kundi la bidhaa hupewa uzito wake kulingana na fedha ambazo kaya zote nchini, zikijumlishwa, zimetumia katika kundi hilo. Uzito unaotumika sasa umetokana na Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18, na ndani yake vyakula pamoja na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa asilimia 28.2. Neno la kuangalia ni «zikijumlishwa». Kaya inayotumia milioni tatu kwa mwezi huingiza kwenye jumla hiyo mara kumi na tano ya kaya inayotumia laki mbili, kwa hiyo katika kuamua nini ni kizito na nini ni chepesi, inayopiga kura ni shilingi, si mtu. Mwenye milioni tatu hata akila vizuri namna gani, chakula hakimalizi theluthi ya fedha zake. Zilizobaki zinakwenda kwenye mafuta ya gari, ada, simu na ujenzi. Wengi wa walioandikwa katika daftari langu la madeni, shilingi mia wanayoipata, zaidi ya hamsini inaliwa, na ninajua kwa sababu ni mimi ninayewauzia.

Sukari ya mwanzoni mwa mwaka 2024 itanisaidia kueleza. Mvua za El Niño zilizuia uvunaji wa miwa na viwanda vikashindwa kusaga inavyotakiwa, na ingawa Serikali ilitangaza bei elekezi ambazo hazikuzidi shilingi 3,200 kwa kilo, sukari katika maduka mengi ya nchi hii ilipita shilingi 4,000. Hapa Moshi jambo hilo lilikuwa na uchungu wake, maana mashamba ya miwa yapo kusini mwa mji, mwendo mfupi tu kutoka hapa nilipo. Nilianza kupima robo, nikashuka hadi nusu robo, na ilipofika katikati ya Februari nilikuwa nafunga sukari ya shilingi mia tatu, ambayo ni vijiko vichache kwenye karatasi. Miezi hiyo hiyo mfumuko wa bei wa mwaka ulisomeka asilimia 3.0. Hakuna aliyedanganya. Sukari ni kipande chembamba katika kikapu cha taifa, na bidhaa nyingine zilitulia wakati ule. Ila kwa kaya ambayo kifungua kinywa chake ni chai ya rangi na kiporo, na ambayo watoto wake huondoka kwenda shule na hicho tu tumboni, sukari si kipande chembamba hata kidogo.

Niongeze na lile ambalo wenye maduka tunalijua lakini hatulisemi hadharani: mara nyingi bei haipandi kabisa. Fungu la nyanya la mia tano lilikuwa na nyanya tano, likawa na nne, leo lina tatu na moja yake imebonyea. Andazi ni la bei ile ile, ila limekuwa jepesi kama sifongo. Wataalamu wa takwimu wanaujua ujanja huu na hupima uzito wa mafungu sokoni, jambo ambalo nawapongeza kwalo. Anayesoma gazeti tu ndiye asiyeujua.

Sasa niende kwenye lile kubwa, la uchumi wa kati. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kutoka kundi la nchi zenye kipato cha chini hadi kundi la kipato cha kati ngazi ya chini, kwa kuwa pato la mtu mmoja kwa mwaka 2019 lilikadiriwa kuwa dola 1,080, na mpaka wa kuvuka ulikuwa dola 1,036. Tulivuka kwa dola 44. Jioni ile palikuwa na furaha mtaani na mimi mwenyewe nilifurahi, sikatai. Lakini usiku, kwa mazoea yangu, nilichukua kalamu. Dola 1,080 kwa kiwango cha wakati ule, kama shilingi 2,300 kwa dola, ni shilingi 2,484,000 kwa mwaka, ambazo ni 207,000 kwa mwezi kwa kila mtu, na anayehesabiwa ni pamoja na kichanga aliyezaliwa jana. Kaya ya watu watano ingetakiwa basi kuwa na 1,035,000 kila mwezi. Nilipitia daftari la madeni ukurasa kwa ukurasa nikitafuta kaya ya namna hiyo. Nilizipata mbili, na moja kati yake inalipwa pensheni.

Hapa tena sisemi kwamba Benki ya Dunia ilikosea. Pato la taifa si fedha zinazoingia majumbani. Ndani yake kuna faida za makampuni ambazo hazijagawiwa kwa mtu, kuna mapato ya Serikali, na kuna makadirio ya vitu ambavyo havikuuzwa, kama ndizi ambazo mtu amezikata kihambani, yaani katika shamba la nyumbani kwake, akazipika mtori akala na wanawe. Yote hayo hujumlishwa, kisha yakagawanywa kwa idadi ya watu kana kwamba kila mmoja alifika mlangoni kuchukua fungu lake. Katika mji wetu tuna eneo linaloitwa Shanty Town, na mgeni akilisikia jina hilo hudhani ni vibanda vya mabati, kumbe ndiko kwenye majumba yenye bustani na mageti ya kufunguliwa na mlinzi. Changanya Shanty Town na Pasua katika chungu kimoja, koroga, halafu pakua kwa kijiko cha wastani: utapata mtu ambaye haishi Shanty Town wala haishi Pasua, na ambaye sijawahi kumuuzia hata kiberiti.

Wala wasiwasi huu si wa mwenye duka peke yake. Simon Kuznets, mchumi aliyeiandalia Seneti ya Marekani hesabu za pato la taifa mwaka 1934, wakati nchi ile imezama katika mdororo mkubwa, alionya katika taarifa hiyo hiyo kwamba ni vigumu kuukisia ustawi wa taifa kutokana na pato lake. Aliyetengeneza mizani ndiye aliyesema isipimiwe kila kitu. Na mizani yenyewe huwa inarekebishwa, kwa haki kabisa: mwaka 2014 mwaka wa kizio wa hesabu zetu, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kulinganishia, ulipohamishwa kutoka 2001 kwenda 2007, na shughuli ambazo hazikuwa zikionekana zikaingizwa, uchumi wa Tanzania ulionekana mkubwa zaidi kwa karibu theluthi moja. Asubuhi ya tangazo lile nilifungua duka saa moja kama kawaida, na aliyekuwa anadaiwa aliendelea kudaiwa.

Mama yangu mzazi aliishi Old Moshi. Kwa miaka kumi na zaidi alilea wajukuu wanne, akawapikia, akawafulia, akawauguza, na asubuhi alikuwa tayari amekata majani ya ng'ombe kabla wao hawajaamka. Kwa kanuni za hesabu za taifa, ambazo nchi nyingi huzifuata, maziwa ya yule ng'ombe yanahesabiwa, lakini kulea, kupika na kuuguza ndani ya kaya yako mwenyewe bila malipo hakuhesabiwi. Miguu yake ilipokataa, sisi watoto tulichanga tukamwajiri binti wa kumsaidia, na mshahara wa binti yule, angalau kwa kanuni, ni sehemu ya pato la taifa. Kwa hiyo uchumi wa nchi yetu ulikua kidogo mwaka ule mama aliposhindwa kuinuka kitandani. Sijui kama mwenzangu wa barua ile ana mama anayemlelea watoto kijijini. Kama anaye, basi yupo mtu katika ukoo wake anayefanya kazi kuliko yeye na ambaye asilimia 5.5 haimjui.

Nisieleweke vibaya kwamba kwangu kila takwimu ni mapambo. Zipo ambazo nikizisoma naona watu ninaowafahamu. Utafiti wa afya wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 147 walikuwa wakifariki kabla ya kutimiza miaka mitano; utafiti wa mwaka 2022 umeonyesha 43. Nakumbuka misiba ya watoto tuliyokwenda miaka ile, jeneza dogo likibebwa na mtu mmoja kifuani, na naona jinsi ilivyopungua. Hapo takwimu na macho yangu vinasema neno moja. Umaskini nao umepungua, ingawa kwa mwendo wa kinyonga: waliokuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara walikuwa asilimia 28.2 mwaka 2011/12, wakawa asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Lakini hata mstari huo unahitaji kutazamwa. Mwaka 2017/18 uliwekwa kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, ambayo ni shilingi 1,644 kwa siku, na ndani yake mna chakula, mavazi, sabuni na mahitaji mengine ya msingi. Aliyetumia 1,650 alihesabiwa kuwa amevuka. Kati ya utafiti ule wa kwanza na huu wa pili ilipita miaka sita, wakati pato la taifa hutangazwa kila robo mwaka na mfumuko kila mwezi. Twajua mara nyingi kasi ya fedha, na mara chache hali ya wenye fedha kidogo.

Kwenye ajira mambo yako vivyo hivyo. Kwa kanuni ya kimataifa, mtu aliyefanya kazi ya kumwingizia kipato hata saa moja katika wiki inayoulizwa anahesabiwa kuwa na kazi. Jirani yangu hubeba zege. Wiki iliyopita alipata siku tatu, wiki iliyotangulia siku moja, na wiki zote mbili alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa siku sita kwenda kukaa kijiweni na wenzake wakisubiri gari la mwenye ujenzi. Kwa kanuni hiyo ana kazi. Kwangu anadaiwa shilingi 38,400.

Ninayo maombi, si mengi. La kwanza, Ofisi ya Taifa ya Takwimu itangaze, sambamba na mfumuko wa taifa, mfumuko wa kaya zenye kipato cha chini peke yake, kwa kikapu chao wenyewe. Si jambo geni: wenzetu ng'ambo ya Holili, nchini Kenya, wamekuwa wakitoa fahirisi, yaani vipimo vya mwendo wa bei, za Nairobi kwa makundi ya kipato cha chini, cha kati na cha juu. Takwimu za matumizi ya kaya tayari zimekusanywa. Kinachobaki ni kuzipanga na kuzitoa. La pili ni lako, Mhariri. Kila mnapochapa asilimia ya ukuaji, chapeni chini yake mstari mmoja unaosema kibarua wa ujenzi anahitaji siku ngapi za kazi ili anunue debe la mahindi, katika soko la Mbuyuni hapa Moshi, Kilombero kule Arusha, na kwingineko mliko na waandishi. Mwandishi mmoja kwa simu moja anaweza kuipata habari hiyo, na kila msomaji atajua ana nini cha kulinganisha na mwaka jana. Nasema siku za kazi kwa makusudi, kwa sababu shilingi hubadilika thamani, na siku ya kubeba zege haijabadilika uzito tangu niijue.

La tatu linahusu Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025, ambayo imelenga uchumi wa dola trilioni moja na pato la dola 7,000 kwa kila mtu ifikapo mwaka huo. Ni malengo makubwa na ninawatakia heri watakaoyasimamia. Naomba tu kwamba watakapokuwa wakitupa taarifa ya safari hiyo, pamoja na wastani watutajie na mtu wa katikati, yaani yule ambaye nusu ya Watanzania wanapata zaidi yake na nusu wanapata pungufu. Huyo hapandishwi na tajiri mmoja kuongeza hoteli ya tatu. Akifika dola 7,000 nitajua, kwa kuwa atakuwa amefutwa kwenye daftari langu na anabeba mafuta kwa lita.

Mwenzangu aliyeandika barua ile namkaribisha Pasua jioni yoyote isipokuwa Jumapili. Nitampa kiti nyuma ya kaunta kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, na kazi ya kupima mafuta itakuwa yake. Akitaka kuhakikisha zile mililita 80, bomba la sindano bado ninalo, lipo kwenye droo pamoja na madaftari ya tangu mwaka 2009.

Mwenye duka,
Pasua, Moshi